Nani Atangulie Kwenye Kadi

Nyumbani,
Chumba cha kushonea,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, tena nyingi mpaka zimwagike. U hali gani huko uliko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa halafu unanidanganya eti ni simu inakwaruza. Simu haikohoi, bwana. Kunywa vitu vya moto, vaa soksi, na ukitoka kazini lala badala ya kuikodolea macho televisheni. Huyo mwenzako mnayeishi naye msalimie sana, mwambie dada mtu amesema akusimamie.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Magoti yangu yananisumbua nikipanda ngazi lakini nikishuka yananyamaza, basi tumeshazoeana. Kazi ipo. Sare za shule zimejaa chumba kizima, mpaka kiti cha wageni kimekuwa cha suruali, na anayekuja kupimwa anasimama mlangoni.

Haya, sasa nivute pumzi. Mwanangu Redio anaolewa! Najua unajua, lakini ulikuwa unajua kwa maneno tu. Sasa tarehe ipo, ukumbi upo, na kadi zimechapwa, nimezishika kwa mikono yangu hii! Siwezi hata kukaa kitako. Naandika mstari, nainuka, nachungulia dirishani, narudi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue ni furaha, usiseme ni uzee.

Nikwambie mapema, usije ukasoma ukidhani nakupa habari tu. Barua hii ina ombi moja, nalo ni kwamba uje. Usinitumie salamu, usinitumie mwakilishi, uje wewe. Kwenye simu nimelisema weee mpaka nimechoka, na kila mara unanijibu "tutaona, dada", halafu unaniletea kichekesho, nacheka, muda unakwisha. Leo utanisoma mpaka mwisho bila kunikatiza. Nataka ujue yaliyotupata kwenye hizo kadi, ndipo utaelewa kwa nini safari hii sikuachii.

Bwana harusi unamjua kwa picha. Ni fundi wa friji, mrefu, na mkimya ajabu. Wewe ndiye uliyempa mpwa wako jina la Redio kwa sababu alikuwa akiamka anaongea na akilala bado anaongea. Basi Mungu kamletea mume wa kumsikiliza. Alipokuja hapa mara ya kwanza, friji letu lilikuwa linanguruma kama lori. Alimaliza chai yake, akainuka, akalisogeza kidogo kutoka ukutani, likatulia, akarudi kukaa. Nilimfuata Redio jikoni nikamwambia, mwanangu, huyu usimpoteze.

Baba yake huyo kijana alikuwa mwalimu wa udereva. Amestaafu yeye, lakini mguu haujastaafu: ukikaa naye kiti cha abiria unamwona anakanyaga breki ambayo haipo. Mama yake ni mkunga, nusu ya vijana wa mtaa wao wamepita mikononi mwake, na akiingia mahali watu wanajikuta wamekaa wima. Mimi nilimwogopa, sikufichi. Zamani sikuwa mwoga wa watu, unanijua. Lakini tangu shemeji yako afariki, tukikaa na wakwe wao wako wawili upande wao na mimi niko peke yangu upande wangu, na kiti cha pembeni yangu nakiwekea mkoba.

Tulipokutana kupanga shughuli tulielewana vizuri sana. Tukasema harusi hii ni ya familia zote mbili. Hakuna wa kualika na wa kualikwa, sote wenyeji, kazi tutagawana na lawama tutagawana. Redio akapewa kazi ya kuandika maneno ya kadi na kuyapeleka kwa mchapaji. Akauliza, sasa familia ipi nianze nayo? Tukamjibu kwa pamoja kwamba hilo dogo, yeyote tu, sisi hatuna neno. Uongo mtupu! Kila mmoja alikuwa na neno lake, kalibana kwapani.

Mchapaji mwenyewe ana chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vioo. Ni mtu mpole, miwani yake inaishi kwenye paji la uso, na kompyuta yake anaifunika kitambaa kama mtoto aliyelala. Nikapita pale siku moja nikitoka kununua vifungo, nikaomba kuona sampuli. Nikakuta imeandikwa kwamba familia yangu pamoja na familia ya Mwalimu wanayo furaha kukualika, na kuendelea. Sisi juu, wao chini.

Hao ni wazee wangu kwa umri, wako wawili, wana heshima zao, halafu mimi ndiye niwatangulie? Nitaonekana mjuaji. Nikamwambia mchapaji abadilishe, wao waanze, sisi tufuate. Akasema sawa mama. Nikaondoka mwepesi, nikijiona mstaarabu kweli kweli. Wala Redio sikumwambia.

Nikapita tena baadaye kuhakikisha. Mdogo wangu, nimekuta jina langu limerudi juu! Nikasema huyu baba kasahau. Nikamweleza upya, polepole, akaitikia. Nikarudi mara ya tatu, jina langu liko juu, limetulia, tena safari hii kwa herufi nene! Nikamuuliza, wewe fundi, una ugomvi gani na mimi? Akashusha miwani, akasema yeye anafuata anachoambiwa na wenye kadi. Nikamwambia mwenye kadi ni mimi. Akajibu, "Na wewe pia, mama."

Na wewe pia! Hapo ndipo damu ilinichemka. Kumbe kuna mtu anakuja nyuma yangu anaturudisha mbele. Na nikajua ni nani, maana herufi nene zile zilikuwa za mtu wa utaratibu. Nikaanza kujipigia hesabu zangu za kijinga. Nikasema, aah, nimeelewa: anayeanza kwenye kadi ndiye mwenye shughuli, chakula kikipungua ataulizwa yeye, viti visipotosha ataulizwa yeye. Wameniona mjane, wamenisukuma mbele ili mvua inipige mimi. Niliumia, usiseme.

Nikarudi nyumbani nikafungua mdomo. Redio akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, halafu akaketi juu ya zile suruali akaanza kulia. Akasema mama, ukigombana na mama mkwe wangu kabla sijaingia kwake, mimi nitaingiaje? Nikamwambia sigombani na mtu, naenda kuuliza tu. Na kweli nilikuwa naenda kugombana.

Asubuhi nikaenda kwa mchapaji kabla hajafungua vizuri, nimepanga kukaa pale mpaka nimkamate mtu. Kuingia tu, nani yuko kwenye benchi? Mkunga! Amekaa wima, mkoba magotini, naye amekuja kunikamata mimi. Na amenuna!

Hakunisalimia kwanza, na mtu kama yule kukosa salamu ni jambo kubwa. Akasema, "Mkwe mwenzangu, nimekupa heshima mara mbili, na mara mbili umenirudishia. Kama hututaki, si useme?"

Heshima gani? Ndipo akaniambia. Akasema yeye na mumewe walikaa wakaona kwamba binti huyu kalelewa na mama peke yake, kasomeshwa kwa sindano na uzi, na siku ya kumtoa, mtu wa kutangulia ni huyo mama. Kila alipopita na kukuta jina langu limeshushwa chini alidhani nawakwepa, kwamba sitaki kuonekana nimeungana nao. Ndiyo maana akaagiza herufi nene.

Na mimi nikamwambia yangu. Yule mchapaji maskini akafungua droo akatoa sampuli zote akazipanga mezani: mimi juu, wao juu, mimi juu, wao juu, mimi juu kwa herufi nene. Mkunga akazitazama. Nikazitazama. Halafu akaanza kucheka yule mama, mdogo wangu, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka kinyozi akaja na mteja wake mwenye kichwa kilichonyolewa nusu kuuliza kuna nini. Tulicheka mpaka tukashikana. Mimi nilimaliza kucheka nikajikuta nalia, na yeye akanipa leso yake bila kuniuliza. Woga wote kwisha. Siku hizi ananipigia simu kila asubuhi kuniamsha, na ananikera, na nampenda.

Lakini kadi ilikuwa bado haina mwenyewe. Maana sasa tumejua tunapendana, na hakuna aliyekubali kutangulia! Ikabidi tuwaite wengine palepale. Mwalimu akaja na hoja yake ya barabarani kwamba anayetokea kulia hupewa njia kwanza, mkewe akamwambia akae. Bwana harusi akasimama pembeni akiisikiliza feni ya mchapaji, naona ilikuwa inamwumiza masikio. Redio akanyang'anya penseli.

Akafuta majina yote juu. Akaandika: "Familia zetu mbili zinakukaribisha kwenye harusi ya watoto wetu." Hakuna wa kwanza wala wa pili. Mkunga akaweka kidole kwenye lile neno "wetu", akasema hapo umesema, mwanangu. Majina yetu Redio akayashusha chini kabisa, na akayaandika kama tutakavyosimama siku yenyewe. Ukumbi una mlango mmoja mpana, unaofunguka pande mbili. Akaandika "Mlangoni watakupokea", halafu kulia akaweka Mwalimu na Mkunga, kushoto akaniweka mimi. Sote tukapiga makofi. Nilitaka kumbusu hata mchapaji.

Mchapaji akaingiza maneno kwenye kompyuta. Akageuza kioo ili tuone. Kulia majina mawili, moja juu ya jingine, yamejaa vizuri. Kushoto langu, na chini yake peupe. Naye kwa nia njema kabisa akasema upande huu umebaki mfupi, niweke ua?

Redio akasema usiweke ua. Weka mjomba wangu.

Mkunga ni mtu wa ukweli, na sikumlaumu. Akamwambia kwa upole kwamba ua likikosekana siku ya harusi hakuna wa kuuliza, lakini mtu akikosekana kila mgeni atakayepita mlangoni atauliza, na atakayejibu ni mama yako, tena akiwa peke yake. Kwa hiyo akauliza, anakuja?

Mdogo wangu, Redio alizimika. Akanitazama. Na mimi nikamtazama, na nilimwona vilevile alivyokuwa mwaka ule tuliomzika baba yake, asubuhi anakataa kwenda shule, na wewe unamwambia basi twende tukaiangalie tu shule, hatuingii. Ulimpeleka "kuiangalia" muhula mzima. Mimi wakati ule sikuweza hata kuchana nywele zangu. Wewe ndiye uliyekuwa unampokea getini. Halafu ukapata kazi huko ukaondoka, na hakuna aliyekulaumu, lakini pengo lako hakuna aliyelijaza.

Aliyesema neno ni yule mkimya. Akasema nafasi ni yake, awekwe. Mchapaji akanigeukia mimi, akauliza, "Mama, nichape?"

Nikamwambia chapa.

Sasa umejua. Jina lako liko chini ya langu, upande wa kushoto, kwa herufi sawa na za wengine. Kadi zimeshagawiwa. Watu wananisimamisha njiani, "Kumbe anakuja!", nami nawajibu si mmesoma wenyewe? Nawajibu nikicheka, halafu nikifika nyumbani naitoa kadi naisoma upya. Maana nimewaahidi watu mtu ambaye hajaniahidi.

Na najua kinachokuzuia. Kazini watakupa ruhusa, ulishaniambia una siku zako hujazigusa. Kinachokuzuia ulinitajia mara moja tu, halafu ukageuza mazungumzo. Ulisema, "Dada, nitarudi nimebeba nini?" Ulisema waliokuona ukiondoka wanakusubiri urudi mtu mkubwa, na wewe bado unasafisha sakafu za watu, huna cha kushusha kwenye gari.

Nisikilize vizuri hapa. Huyo mwenye masanduku mimi sina kazi naye. Namtaka mtu wa kusimama mlangoni. Mtu wa mlangoni anapeana mikono na ukumbi mzima, mmoja mmoja, karibu, karibu sana, pita ndani. Aliyebeba mizigo atapeanaje mkono? Njoo na hiyo mikono yako mitupu, kaka. Mitupu ndiyo ninayoitaka. Ndiyo iliyomshika mwanangu.

Na kama kuna atakayekutazama chini mpaka juu, atanikuta mimi kushoto kwako na Mkunga kulia, na usimwone mpole kwa sababu nimekwambia anacheka.

Suti yako nimeshaikata. Rangi ya kijivu, inakupendeza, usinibishie. Nimetumia vipimo vyako vya zamani nikaacha kitambaa cha ziada pembeni, maana sijui huko wanakulisha nini. Chumba chako nimetoa mabunda yote ya vitambaa, dirisha linafunguka, na mkwe wetu amekuja akaweka feni. Haina sauti hata kidogo.

Mama mdogo anakusalimu, masikio yanamsumbua kwa hiyo anakusalimu kwa kupiga kelele. Mwalimu anasema utakapofika atakuja kukuchukua yeye mwenyewe. Jitayarishe kufundishwa kuendesha gari ukiwa abiria. Mkunga anakusalimu na anauliza kifua, nimemwambia unadanganya. Mchapaji naye kasema nikusalimu, anadai ameshakuzoea. Redio hajui nakuandikia, anadhani nashona, lakini namsikia hapo jikoni, bado anaongea.

Mungu akupe afya, akufungulie njia, akushike mkono huko angani na akushushe salama. Akutoe na aibu isiyo yako.

Mimi dada yako, niliyekupenda tangu nakubeba mgongoni na sijakushusha.

Nyongeza: Najua utaitikisa bahasha kutafuta kadi. Hamna, na sikusahau. Kadi tumewapa wageni.